Kompyuta Inayofunguka: Mashine ya Kazi kwa Mwenye Fedha Kidogo

Mhadhara uliotolewa mbele ya wanachama wa chama cha akiba na mikopo cha walimu, Morogoro, na kuchapwa kwa ombi lao.

Jumamosi ndiyo siku ambayo mwalimu hufua, hulima na kusahihisha madaftari, kwa hiyo najua saa mbili mnazonipa mmezinyima kazi nyingine.

Nimeombwa nizungumzie namna ya kuchagua kompyuta mpakato, yaani laptopu, kwa mtu anayeishi kwa mshahara wa kawaida. Katibu aliponiandikia alisema wanachama wengi hukopa hapa ili wanunue laptopu, na baadhi yao bado wanalipa marejesho ya mashine ambayo imeshakufa. Sentensi hiyo ndiyo iliyonileta. Nafundisha asubuhi, na jioni natengeneza kompyuta barazani kwangu. Nyingi ninazoletewa zimenunuliwa na walimu. Nikisema fedha kidogo, namaanisha kati ya shilingi laki tano na laki nane, tena za mkopo. Kusudi langu ni kwamba mkitoka hapa muweze kuingia duka lolote, liwe la Kariakoo au la hapa mjini, mkijua cha kuuliza, cha kushika na cha kukataa.

Msimamo wangu nautoa mapema ili msiusubiri. Mwenye fedha kidogo anunue kompyuta inayofunguka: ile ambayo fundi wa kawaida, kwa bisibisi ya kawaida, anaweza kuifungua, akatoa kilichokufa na kuweka kizima. Tajiri kompyuta yake ikifa hununua nyingine. Sisi hatuna njia hiyo, na kwa hiyo kufunguka kwa mashine ni jambo la kwanza kuliangalia, kabla ya rangi, wembamba na hata mwaka wa kutengenezwa.

1. Hoja ya kwanza: laptopu mpya ya bei ya chini mara nyingi ndiyo ghali kuliko zote.

Mwalimu mwenzetu mmoja, mama anayefundisha darasa la tatu, alichukua mkopo wa miezi 24 akanunua laptopu mpya katika duka moja jijini. Ilikuwa nyembamba, ya rangi ya fedha, bado ina plastiki yake. Kwenye kibandiko paliandikwa Celeron, RAM GB 4, hifadhi GB 64. Aliambiwa inatosha kwa kazi za ofisi. Baada ya miezi 7 aliniletea. Windows ilikuwa inadai masasisho, masasisho yanadai nafasi, na nafasi haipo. Akifungua Word pamoja na kivinjari cha intaneti, mshale unaganda. Nikaigeuza, nikatoa skrubu 10. Ndani nilikuta kibao kimoja kidogo, kama nusu ya daftari, na kila kitu kimechomelewa juu yake kwa risasi: RAM imechomelewa, hifadhi nayo, ile ya aina ya eMMC, imechomelewa. Hapakuwa na cha kutoa wala pa kuweka. Nikazirudisha skrubu zangu 10, nikamwambia ukweli. Alikuwa amebakiza marejesho 17.

Sikusema neno baya juu ya muuzaji, maana kwenye karatasi hakudanganya. Microsoft yenyewe imeandika kwamba Windows 11 inahitaji angalau RAM ya GB 4 na hifadhi ya GB 64. Lakini kiwango hicho cha chini ni cha mashine kuwaka tu. Windows ikishakaa, ikafuatiwa na programu zako, picha za watoto na masasisho ya kila mwezi, GB 64 imejaa kama daladala ya saa kumi na mbili jioni.

Zipo laptopu mpya nzuri, zenye RAM ya GB 8 na diski ya SSD inayobadilishika. Bei yake kwa kawaida inapita mfuko tunaouzungumzia leo. Ukizipata ndani ya bajeti yako, na fundi unayemwamini akakuthibitishia kuwa zinafunguka, nunua na Mungu akubariki.

2. Hoja ya pili: mtumba wa ofisini una asili yake, na asili hiyo ndiyo faida yetu.

Naona baadhi yenu mmekunja uso niliposema mtumba. Nisikilizeni kidogo.

Makampuni na ofisi za umma huko Ulaya na Marekani hununua au hukodi laptopu kwa mamia, wakazitumia miaka mitatu au minne, kisha wakazirudisha zote kwa pamoja, nzima na mbovu. Hukusanywa na wafanyabiashara, nyingi hupitia Dubai, na mwishowe zinafika Kariakoo. Hizi zilijengwa kwa ajili ya mfanyakazi wa ofisi anayefungua na kufunga kifuniko mara kumi kwa siku, na kwa ajili ya fundi wa kampuni anayetakiwa kubadilisha kibodi ndani ya nusu saa ili kazi iendelee. Ndiyo maana bawaba zake ni za chuma kizito, na ndiyo maana zinafunguka.

Koo zake kubwa ni tatu: ThinkPad ya Lenovo, Latitude ya Dell, na EliteBook ya HP. ThinkPad ilianza kwa IBM mwaka 1992, na mwaka 2005 Lenovo ya China ikanunua biashara hiyo ya kompyuta. Watengenezaji wote watatu hutoa bure kwenye intaneti kitabu cha fundi cha kila modeli, kinachoonyesha skrubu ipi inatangulia na kipi kinafuata. Kwangu mimi hiyo ni dalili kubwa kuliko tangazo lolote: anayekupa kitabu cha kufungulia anakusudia mashine ifunguliwe.

Nitaje mfano ninaoujua kwa mikono yangu. ThinkPad T480, ya mwaka 2018, ina nafasi mbili za RAM na diski unayoweza kuibadilisha. Ina betri mbili, moja ndani na nyingine nyuma, na ile ya nyuma unaichomoa kwa vidole bila bisibisi. EliteBook 840 G5 na Latitude 5490 ni za rika lilelile. Betri zake ziko ndani, lakini kifuniko cha chini kikitoka tu, betri, RAM na diski zote ziko wazi mbele yako.

Jina la ukoo pekee halitoshi, walimu wenzangu. Lenovo hiyohiyo inatengeneza IdeaPad, Dell walikuwa na Inspiron, na HP wana laptopu za nyumbani za bei ya chini. Hizo ni watoto wa baba mmoja wenye malezi tofauti. Hata ndani ya ThinkPad, ile nyembamba ya X1 Carbon RAM yake imechomelewa. MacBook Air, ambayo vijana wetu wanaipenda kwa uzuri wake, RAM yake haijawahi kubadilishika. Ukikuta MacBook Air ya zamani yenye GB 4 kwa bei nzuri, jua kwamba itabaki na GB 4 hadi inakufa.

3. Hoja ya tatu: soma namba ya prosesa, maana kibandiko cha i5 au i7 peke yake hakisemi kitu.

Hapa ndipo wengi huuziwa mbuzi kwenye gunia. Mteja huuliza, "Ni i7?" Muuzaji hujibu, "Ndiyo, i7," na bei inapanda. Sasa chukueni kalamu. Baada ya maneno i5 au i7 kuna kistari na namba. Tarakimu ya kwanza ya namba hiyo ni kizazi. i7-6600U ni kizazi cha 6. i5-8250U ni kizazi cha 8. Zikianza na 10, 11 au 12, kama i5-10210U, tarakimu mbili za kwanza ndizo kizazi.

Kwa nini nawasumbua na vizazi? Kwa sababu mwaka 2017 Intel ilipotoa kizazi cha 8 cha prosesa hizi za laptopu, zile zenye U mwishoni, iliziongezea viini vya kufanyia kazi kutoka viwili hadi vinne. i7-6600U ina viini viwili. i5-8250U ina vinne. Ile i7 uliyoilipia zaidi inashindwa na i5 iliyokuja miaka miwili baadaye. Ni kama gari lenye nembo kubwa lakini injini ndogo.

Sababu ya pili ni nzito zaidi. Tarehe 14 Oktoba 2025 Microsoft ilisitisha huduma ya kawaida ya kuitunza Windows 10, yaani masasisho ya bure ya kila mwezi ya kuziba mianya inayopitisha virusi na wezi. Windows 11, kwa prosesa za Intel, inaanzia rasmi kizazi cha 8. Kwa hiyo maduka sasa yana laptopu nyingi za kizazi cha 4, cha 5, cha 6 na cha 7 ambazo ofisi za Ulaya zimezitupa kwa sababu hiyohiyo, na bei yake inavutia. Anayefanya kazi za mishahara, alama za wanafunzi au benki kwa kompyuta asizichukue akidhani amepata dezo. Anzia kizazi cha 8. Fedha ikigoma kabisa, nitawaeleza njia ya kizazi cha 6 mbele kidogo.

4. RAM na diski: hapa sitakaa, maana jibu ni fupi.

RAM iwe GB 8, na pawepo nafasi ya kuongeza. Diski iwe SSD ya GB 256. Ukikuta mashine nzuri yenye diski ya zamani inayozunguka, usiikimbie. Punguza bei, kisha weka SSD. Hakuna badiliko lingine linaloifufua kompyuta ya zamani kama hilo. Mashine iliyokuwa inawaka wakati wewe unachemsha chai itawaka kabla hujakaa vizuri kwenye kiti.

Kioo kiwe cha nukta 1920 kwa 1080. Kile cha 1366 kwa 768 kinaonyesha safu chache za Excel, na mwalimu wa taaluma mwenye mikondo minne atachoka kusogeza ukurasa.

5. Hoja ya tano: kagua mwenyewe, dukani, kabla ya kulipa.

Mtumba una hatari zake, na dawa yake ni nusu saa ya ukaguzi. Muuzaji mwaminifu hatakukataza. Anayekukimbiza amekupa jibu tayari.

Omba mashine ikiwa imezimwa na imepoa, uiwashe mwenyewe. Sikiliza feni. Fungua ukurasa mtupu, uandike kila herufi na kila tarakimu, moja baada ya nyingine. Ukikuta A imekaa mahali pa Q, huenda mashine hiyo ilitumika Ufaransa. Z na Y zikibadilishana, huenda ilitoka Ujerumani. Vibandiko vya herufi vilivyobandikwa juu ya kibodi hutoka baada ya miezi michache ya jasho letu. Fungua kifuniko kwa mkono mmoja, uangalie kama bawaba zinalia au kioo kinayumba. Washa hotspoti ya simu yako na uiunganishe. Chomeka flashi yako kwenye kila tundu. Cheza sauti, fungua kamera.

Kisha betri. Chomoa chaja mapema, mashine iendelee kuwaka kwa betri muda wote unaokagua. Fungua kidirisha cha amri kwa kuandika cmd, andika powercfg /batteryreport, na Windows itakutengenezea ripoti. Tafuta tarakimu mbili: uwezo ambao betri ilitoka nao kiwandani, na uwezo ilionao leo ikijaa. Ya leo ikiwa chini ya nusu, hesabu kwamba utanunua betri nyingine, na hesabu hiyo ifanyike kwenye bei, papo hapo. Sehemu ya kuwekea vidole ikiwa imevimba au imeinuka, betri ya ndani imevimba. Hiyo ni hatari ya moto. Usiibebe.

Mama mmoja kule nyuma anatikisa kichwa; nadhani betri imeshamuumiza. Mama yangu, hauko peke yako. Betri mbovu ina hasara mbili, kwa sababu umeme ukikatika mashine inazimika ghafla, na mtihani uliokuwa hujauhifadhi unapotea.

Kuna hatari moja ambayo haionekani kwa macho. Laptopu za ofisini huwekewa kufuli za kampuni. Kufuli ya kwanza ni neno la siri la BIOS, yaani mlango wa ndani kabisa wa mashine. Ijaribu: unapowasha, bonyeza F2 kwa Dell, F10 kwa HP, F1 kwa ThinkPad. Ikidai neno la siri ambalo muuzaji halijui, iache. Kufuli ya pili ni usajili wa kampuni. Unaipiga Windows upya, unaiunganisha na intaneti, na badala ya kukukaribisha wewe inadai akaunti ya kampuni usiyoijua. Mashine hiyo bado ina mwenyewe. Huenda ilisahaulika kwenye kumbukumbu, huenda iliibwa. Vyovyote iwavyo, wewe usirithi kesi ya mtu. Ndiyo maana risiti ya EFD, yenye jina la duka na ikiwezekana namba ya mashine, ni sehemu ya kompyuta kama ilivyo chaja.

Na chaja yenyewe isomeni. Iandikwe kuwa inapokea 100-240V, maana umeme wetu ni wa volti 230. Nguvu yake, ile ya wati, isipungue ile ambayo mashine inaidai, kwa mashine nyingi nilizozitaja wati 65 zinatosha. Chaja nyepesi kama kiberiti yenye jina kubwa juu yake ni bandia.

6. Hoja ya sita ni ya programu, na humo ndimo ilimo njia ya mwenye kizazi cha 6.

Laptopu nyingi za ofisini zilikuja na leseni halali ya Windows, imehifadhiwa ndani ya mashine yenyewe. Ukiipiga upya toleo linalolingana, inajitambua bila kulipa tena. Kwa hiyo mtu akikwambia anataka kukuwekea kijiprogramu cha kuivunja Windows, mwambie asubiri kwanza ujaribu njia halali. Vijiprogramu hivyo ndivyo mlango wa virusi vingi ninavyovifuta barazani kwangu.

Anayebaki na kizazi cha 6 au cha 7 aweke Linux Mint. Ni bure, ni halali, inapata masasisho, na inakwenda vizuri kwenye RAM ya GB 8. Kwa kuandika na kupiga hesabu atumie LibreOffice, ambayo nayo ni bure. Msiione kama kitu cha mbali. Mwaka 2004 mradi wa Kilinux, ukishirikiana na Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, ulitoa Jambo OpenOffice, programu ya ofisi inayozungumza Kiswahili. Na LibreOffice ilichipuka mwaka 2010 kutoka mzizi uleule wa OpenOffice. Naitaja kwa fahari. Lakini nisiwafiche: faili la Word lenye majedwali mengi likifunguliwa huku, mistari huweza kuhama. Unapopeleka mtihani kwa mchapaji, upeleke kwa PDF. Na kama ofisi yako inadai programu inayokaa kwenye Windows pekee, njia hii si yako. Tafuta kizazi cha 8.

7. Hoja ya mwisho ni ya fedha: robo yake ibaki nyumbani siku ya kununua.

Ukiwa na laki saba, tafuta mashine ya laki tano hadi laki tano na ishirini. Kiasi kinachobaki kina kazi zake: SSD au RAM, betri, na diski ya nje ya kutunzia nakala. Tafadhalini sana hiyo ya nakala. Nimeletewa diski zilizokufa zikiwa na mitihani ya miaka sita na picha za marehemu wazazi, na nimelazimika kusema, "Samahani, haipo."

Mheshimiwa Mwenyekiti, sasa nageukia mbele. Hadi leo kila mwanachama anakopa peke yake, anakwenda Kariakoo peke yake, anarudi na modeli yake peke yake. Wanachama 20 wakiwa na modeli 20, spea hazikutani. Lakini 20 hao wakinunua modeli moja, tuseme T480 au 840 G5, chaja ya mmoja inamfaa mwenzake, fundi mmoja anaizoea, na siku moja ikifa kabisa, kioo chake, kibodi yake na RAM yake vinakwenda kuziponya zilizobaki. Na mnunuzi wa mashine 20 anasikilizwa dukani. Anaweza kudai dhamana ya miezi 6 kwa maandishi, jambo ambalo mwalimu mmoja mwenye laki saba mfukoni halipati kwa urahisi.

Naomba basi, kabla ya mkutano wenu mkuu ujao, bodi iteue kamati ya watu watatu: mmoja wa fedha, mmoja anayejua kompyuta, na mmoja aliyewahi kuuziwa mashine mbovu, maana huyo hatarahisisha. Wachague modeli moja, wanunue mashine moja tu kwanza, tuifungue wote humu ukumbini, tuitumie muhula mmoja shuleni, na tukiridhika zifuate nyingine. Kazi ya kuzikagua moja moja kabla ya malipo naifanya mimi, bila malipo. Bisibisi ninazo.

Nipo tayari kwa maswali, na mliokuja na laptopu zenu leteni hapa mbele tusome namba zake.